Nauli ya Kwenda Kuona Punda

Jamani, hivi ni nani aliyepitisha kwamba mtu hawezi kupumzika mpaka apande ndege? Marehemu babangu alipumzika umri wake wote barazani kwetu Lamu, kikombe cha kahawa chungu mkononi, na hakuna aliyemwuliza tikiti ya kurudi. Mimi mwanawe, dereva wa basi hapa Leicester, Uingereza, nikitaka kupumzika sharti nianze Januari, niwe na faili, niwe na akiba, na niwe na mke asiyelala kwa kutafuta vyumba kwenye simu.

Mama Rehema ameshaamua. Mwaka huu ni Santorini, kisiwa cha Ugiriki. Wauguzi wenzake wodini wameshakwenda wote, wakarudi na picha zilezile: ukuta mweupe, kuba la buluu, gauni linapepea. Ukizitazama kwa mfuatano unaona gauni ni lile lile, vichwa tu ndivyo vinavyobadilishwa.

Nikamwuliza kwa upole, "Huko kuna nini hasa?"

Akanitajia. Kisiwa. Nyumba nyeupe za chokaa. Vichochoro visivyopita gari. Samaki. Upepo wa bahari. Na punda.

Nikamtazama mke wangu nisiamini. Huyu nimemwoa Lamu, jamani, si kwamba alihadithiwa. Mtaa wetu ukikutana na punda mwenye mzigo wa matofali, mmoja wenu lazima arudi nyuma, na punda hajawahi kuwa huyo mmoja. Mji wenyewe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Maana yake mimi nimezaliwa ndani ya kivutio cha watalii, nikakihama nikatafute riziki, na sasa riziki hiyohiyo inatakiwa ikanunue vichochoro vya Wagiriki.

Nikampigia mama, nikitegemea atanitetea.

"Mama, tunakwenda likizo Ugiriki."

"Mashallah. Kuna nini huko mwanangu?"

"Kuna bahari."

"Ehe."

"Na punda."

Simu ikanyamaza mpaka nikadhani bando limekwisha.

"Punda wa kufanya nini?"

"Wa kupanda, mama. Meli inakushusha bandari ya zamani, halafu kuna ngazi karibu mia sita mpaka mjini Fira. Hutaki kutembea, unapanda punda. Unalipa."

"Unamlipa punda?"

"Namlipa mwenyewe."

"Kwani punda wa kwetu wamekwisha?"

Nikamsikia anamwita jirani aje asikie. Jirani akaja. Nikaisimulia upya, na jirani naye akauliza kama huko Ulaya hakuna gari. Nikawaambia yapo, na vipo pia vijumba vinavyopanda kwa waya kutoka bandarini hadi juu ya mlima. "Basi punda wa nini?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tena punda wenyewe wa huko wana heshima zao. Mwaka 2018 Wagiriki walitunga sheria kwamba punda asibebeshwe mzigo unaozidi kilo 100, au sehemu ya tano ya uzito wake. Nilipomsomea Mama Rehema kifungu hicho alinipitisha macho kuanzia kifuani kwenda chini, asiseme kitu. Nikaelewa kwamba mimi ni mtu wa ngazi. Lakini tuambiane ukweli: punda wa Santorini ana sheria ya kumlinda na abiria mnene, na dereva wa basi la Leicester hana.

Nikasema basi, tukiwa ni wa kwenda, twende Mei au Oktoba, wakati watu wamepungua. Hapo nikakumbushwa kwamba nina watoto wawili shuleni. Hapa England ukimtoa mtoto darasani siku tano ukaenda kupunga upepo, unaweza kupigwa faini ya pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na usipolipa ndani ya siku 21 inakuwa 160. Kwa hiyo wazazi wote wa nchi hii tunasafiri Agosti, mashirika ya ndege yanajua tunasafiri Agosti, wenye hoteli wanajua, na jua lenyewe nadhani limeshaambiwa. Kisiwa hicho kina wakazi wapatao 15,000. Meli za utalii zimewekewa ukomo wa abiria 8,000 kwa siku, na huo ndio msaada waliopewa wenyeji. Sasa weka na sisi tunaoshuka kwa ndege, uniambie hiyo nafasi ya kunyoosha miguu itatoka wapi.

Tukaingia kwenye vyumba. Mke wangu anataka chumba kinachoangalia kaldera. Hilo ni shimo lililobaki volkano ilipolipuka miaka kama 3,600 iliyopita, katikati ya kisiwa kukadidimia, bahari ikaingia. Vyumba vimechimbwa kwenye jabali. Mapango hayo zamani waliishi mabaharia na watu wa kipato cha chini, kwa kuwa kuchimba kulikuwa rahisi kuliko kujenga. Leo ukitaka kulala katika pango la baharia maskini uwe tajiri.

Na kila pango lina kijibwawa mlangoni.

"Bwawa la nini na bahari ile pale?"

"Bahari iko chini mita 300, Baba Rehema. Ile ni ya kutazama."

Bahari ya kutazama! Mtoto wa Lamu! Ukitaka ya kuogelea unakwenda upande wa pili wa kisiwa, Kamari au Perissa, ambako mchanga ni mweusi kwa sababu ya hiyohiyo volkano, na mweusi wa Agosti haukanyagwi bila viatu. Huko kunafikiwa vipi? Kwa basi. Nimekaa nyuma ya usukani mwaka mzima nikisubiri likizo, na likizo imefika nipange foleni ya basi kwenye stendi ya Fira. Sitaweza kukaa kimya, najijua. Dereva akifunga breki vibaya nitasema.

Juu ya bei ya chumba kuna kodi ya mabadiliko ya tabianchi, kwa kila usiku, na hoteli ya nyota tano msimu wa joto ni hadi euro 15 kwa chumba. Tabianchi nimeiharibu mimi?

Mama Rehema ameshachora ratiba yote, yenye rangi. Asubuhi magofu ya Akrotiri, mji uliofukiwa na majivu ya mlipuko ule. Mchana Nea Kameni, kisiwa cha mawe meusi kilicho katikati ya shimo, kupanda kwa miguu kwenda kuchungulia tundu la volkano. Jioni kijiji cha Oia kutazama jua linavyozama. Kwa jua hilo watu wanafika muda wa saa mbili nzima kabla halijazama, kugombea mahali pa kusimama kwenye magofu ya ngome, na Agosti lenyewe linazama kwenye saa mbili usiku. Saa mbili usiku kwetu watu wameshatoka isha, wanamenya embe. Nimeitafuta kwenye ratiba saa ya kupumzika. Nimeiona, siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, dakika arobaini, na pembeni pameandikwa "au duka la zawadi".

Nikatoa turufu yangu. Nikamwambia volkano ile haijafa, imelipuka hata 1950. Nikamwambia tetemeko la 1956 liliangusha nyumba nyingi mno za huko Oia anakokutamani. Nikamwambia Februari 2025 ardhi ilitikisika siku nenda siku rudi, shule zikafungwa, watu zaidi ya 11,000 wakakimbia kwa meli na ndege. Nilikuwa na picha za foleni bandarini, nikamwonyesha.

Akazitazama. "Kwa hiyo baada ya hapo bei zilishuka?"

Sina la kuongeza juu ya volkano.

Mizigo tutaijua mbele. Begi la bure ni lile linaloingia chini ya kiti cha mbele, na Rehema amelipima kwa rula yake ya shule akatuambia achari ya bibi haiingii. Jambo moja tu sitakubali liachwe, nalo ni kopo. Huko visiwani mabomba ya choo ni membamba na karatasi hazitupwi ndani, unaziweka kwenye pipa la pembeni. Wageni wanalalamika sana. Hapo ndipo penye furaha yangu pekee katika safari nzima: sisi watu wa kopo tutaingia na kutoka kwa fahari.

Lakini hayo yote ni porojo, maana mimi bado sijakubaliwa kwenda.

Mama Rehema ana pasipoti ya Uingereza, watoto vilevile. Wao watatu wanafika, wanaulizwa hali, wanaingia. Mimi ninayo ya Kenya, naipenda, na uraia wa hapa una bei ambayo naona aibu kuitaja mbele ya watoto. Basi kwa watu wanne wa nyumba moja, watatu wanakwenda likizo na mmoja anaiomba. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, wakikunyima hurudishiwi, na wenye ofisi ya kupokea karatasi wana chao cha juu.

Wanataka kujua kila kitu. Picha, milimita 35 kwa 45, usicheke. Bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Sijawahi kuwa na thamani hiyo nikiwa mzima. Taarifa za benki, ambapo karani nisiyemjua atasoma kila chipsi niliyokula baada ya zamu ya usiku. Uthibitisho wa hoteli, kabla sijajua kama nitaingia. Tikiti ya kwenda na kurudi, kabla sijajua kama nitakwenda. Mama Rehema akasema tuchukue chumba kinachorudisha pesa ukighairi, na hicho ni ghali zaidi. Unalipa nyongeza upate haki ya kutokwenda.

Halafu sasa, barua ya mwajiri, kuthibitisha kwamba ninafanya kazi, nimepewa likizo, na nitarejea kazini. Kazi hiyohiyo ninayoikimbia ndiyo iniandikie kwamba siikimbii!

Miadi ikawa vita. Nafasi zinafunguliwa usiku, na kabla hujamaliza kuandika jina lako la tatu zimekwisha. Tulipobahatisha moja, ni London, Alhamisi asubuhi, siku yangu ya zamu. Nikaenda kwa meneja.

"Naomba ruhusa Alhamisi."

"Ya nini?"

"Ya kwenda kuomba ruhusa ya kwenda likizo."

"Likizo si nilishakuruhusu?"

"Wewe ndiyo. Bado Wagiriki."

Akafungua kompyuta, akanionyesha kwamba siku hiyo itakatwa humohumo kwenye siku zangu za mapumziko. Yaani likizo imeanza kuliwa kabla sijafunga begi. Akaniuliza barua niitake kwa maneno gani. Nikamwambia aandike ukweli, kwamba huyu bwana hata tukimfukuza atarudi, ana mkopo wa nyumba. Hakucheka. Waingereza ukitaja mkopo wa nyumba hawacheki.

Barua imetoka jana, karatasi nzuri, nembo juu, sahihi chini. Jina langu limeandikwa kwa herufi moja pungufu. Kwenye pasipoti ni Abdulrahman, kwenye barua ni Abdulraman, na karani wa viza akiiona hiyo atajua tunaomba watu wawili tofauti. Nikakimbia nayo ofisini ikarekebishwe. Nimekuta mlango umefungwa. Nimeuliza kwa heshima, nikaambiwa anayeweza kutia sahihi ni meneja peke yake, na meneja kaondoka asubuhi na mapema.

Yuko likizo.