Seva ya filamu nyumbani: mwenye rimoti ndiye mwamuzi

Wasikilize wajuzi wa kompyuta wakibishana kuhusu Plex, Jellyfin na Emby, programu zinazogeuza kompyuta ya nyumbani kuwa seva, yaani ghala la filamu zako linalozirusha kwenye televisheni, utadhani seva ya filamu huwekwa nyumbani ili itazamwe yenyewe. Huyu anasifu chanzo huria, yule anahesabu mara ngapi programu imesasishwa, wa tatu keshafika kwenye Docker, mtindo wa kuendesha kila programu ndani ya kisanduku chake, na hashikiki tena. Yote hayo yana maana kwa mtu mmoja tu ndani ya nyumba, na huyo ndiye pekee asiyehitaji msaada. Mimi nasema programu ichaguliwe kuanzia kwenye kochi: kwa mama, kwa shangazi, kwa mtoto ambaye bado hajajua kusoma sawasawa.

Kwa hiyo kabla ya kuulizana programu ipi ina uwezo zaidi, angalia televisheni iliyopo sebuleni ni ya aina gani na duka lake la programu lina nini. Hapo Plex inatangulia mbele, kwa sababu programu yake ipo karibu kila mahali: Samsung, LG, Roku, Apple TV, Android TV, hata PlayStation na Xbox. Jellyfin nayo ipo kwenye vifaa vingi, ila kwa kuwa inatengenezwa na watu wa kujitolea, ubora haulingani. Kwenye kifaa kimoja utaifurahia, kwenye kingine utaona mapengo. Ikiwa televisheni yenyewe haina programu nzuri, nunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI, yaishe. Usithubutu kumfundisha mtu kufungua kivinjari cha televisheni na kuandika anwani inayoishia na 8096, namba ya mlango wa seva ya Jellyfin.

Kisha kuna kuingia kwenye akaunti. Umewahi kumwona mzazi akiandika nywila kwa rimoti? Mshale kulia, kulia, chini, anabonyeza, imetokea herufi ya jirani. Anafuta. Herufi kubwa zimejificha nyuma ya kitufe ambacho hakijui, na alama ya mshangao iko ukurasa mwingine kabisa. Akifika mwisho anaambiwa amekosea, wala haambiwi wapi, maana alichoandika ni nukta tupu. Waundaji wa programu hizi wameliona hilo. Plex huonyesha msimbo mfupi kwenye skrini, nawe unauandika kwenye tovuti yao kwa simu. Jellyfin ina Quick Connect: televisheni inaonyesha tarakimu sita, mtu anakusomea kwa simu, unaziidhinisha kwenye akaunti yake ukiwa ulipo. Kwangu mimi kipengele hicho kimoja kina thamani kuliko orodha nzima ya mapambo ambayo wajuzi huyajadili.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndipo ugomvi ulipo. Jellyfin ni ya bure moja kwa moja. Ilizaliwa Desemba 2018, Emby ilipofunga msimbo wa programu yake usionwe tena na umma na baadhi ya watu wakachukua ule uliokuwa wazi wakaenda zao. Plex ilipandisha bei mwezi Aprili 2025: leseni ya maisha ya Plex Pass, usajili wake wa kulipia, ikatoka dola 119.99 hadi 249.99, na kutazama video zako ukiwa nje ya nyumba kukaacha kuwa bure. Ama mwenye seva awe na Plex Pass, ama anayetazama alipie ruhusa yake mwenyewe. Watu walikasirika, na siwalaumu.

Lakini hasira isikuchagulie. Kama wote mnaotazama mnaishi chini ya paa moja, sioni sababu ya kulipa. Weka Jellyfin, mpe kila mtu akaunti yake, basi. Kama bibi yuko mji mwingine na mjomba yuko mwingine tena, hesabu inabadilika. Ili Jellyfin iwafikie salama itabidi ujenge njia yako mwenyewe, kwa mfano kwa Tailscale, programu ya VPN inayounganisha vifaa vyenu kwa njia ya siri kupitia intaneti, na programu hiyo ikae pia kwenye kifaa cha bibi na ibaki imewashwa. Mweleze bibi VPN ni nini, halafu uje unisimulie. Katika hali hiyo nalipia Plex Pass bila kinyongo, kwa sababu mwenye seva akishakuwa nayo, wageni wake hawadaiwi kitu.

Plex ina uchafu wake, tusifichane. Ukurasa wake wa mwanzo hujazwa filamu za bure zenye matangazo, chaneli za moja kwa moja, na mapendekezo ya filamu ambazo ziko kwenye huduma nyingine ya kulipia. Mtu asiyejua hatofautishi. Anabonyeza picha aliyoipenda, linatoka tangazo, anakupigia simu kuuliza kulikoni filamu zako siku hizi zina biashara. Vitu hivyo vinaweza kufichwa, na vifiche kabla hujamkabidhi mtu rimoti. Kagua pia mipangilio ya faragha: Novemba 2023 watumiaji walishtuka kukuta barua pepe za Plex zikiwaeleza marafiki zao walichokuwa wakitazama.

Emby iko katikati, na sioni nyumba nyingi inazozifaa kuliko hizo mbili. Kodi, programu ya kuchezea filamu kwenye kifaa chenyewe, ni nzuri kwa televisheni moja na mmiliki anayependa kuchokonoa, ila menyu zake ni msitu.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni manukuu, yale maneno ya mazungumzo yanayoonekana chini ya filamu. Filamu iliyonakiliwa kutoka diski ya Blu-ray mara nyingi huja na manukuu yaliyo picha, siyo maandishi. Kifaa kikishindwa kuyaonyesha, seva hulazimika kuichora kila fremu upya huku video ikichezwa, na kompyuta dhaifu inachemka. Mtazamaji anachokiona ni kwamba ameweka manukuu na filamu imeanza kukatakata, naye anahitimisha kwamba ameiharibu. Tafuta faili za SRT, yaani manukuu ya maandishi matupu, uziweke kando ya filamu, na mengi ya hayo yataisha. Yatakayobaki yaachie kichakataji cha picha cha kompyuta. Vichakataji vingi vya kawaida vya Intel vinaiweza kazi hiyo kupitia Quick Sync, sehemu yake ya kushughulikia video. Jellyfin inakuruhusu kuitumia bure, Plex inataka Plex Pass.

Majina ya faili nayo yapange vizuri, jina la filamu na mwaka kwenye mabano, ili programu ilete bango sahihi. Asiyesoma huchagua kwa picha, na bango lisilo lake ni filamu iliyopotea. Akaunti zisichanganywe pia, la sivyo mtoto atabonyeza “endelea kutazama” na kuangukia katikati ya mauaji ya filamu ya baba.

Na kabla hujasafiri, ingia kwenye BIOS ya hiyo kompyuta ya seva, mipangilio yake ya msingi inayofunguliwa inapowaka, uiagize ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, na uhakikishe programu ya seva inaanza bila mtu kuingia kwenye akaunti. Kisha chomoa waya wa umeme, urudishe, ukae kwenye kochi na rimoti mkononi uone kama filamu inacheza.