Gari Lenye Choo

Kabla mama mkwe hajakata tiketi, tulimpigia simu mjomba wangu aliye Bungoma, kwa sababu jambo lenyewe lilihitaji mzee.

Sisi Wabukusu tuna heshima zetu za ukweni. Mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hawapeani mikono. Zamani, wakikutana njiani, mmoja alikuwa anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Sasa mama alikuwa amepata viza ya kuja Marekani kumwona binti yake, na binti yake anaishi nami ndani ya trela la kuishi la futi 19, mjini McAllen, kusini kabisa mwa Texas. Kichaka cha karibu kina uzio, na kwenye uzio kuna kibao kinachoeleza utakavyofanywa ukiingia.

Nieleze kidogo tulivyofika humo. Mke wangu ni nesi wa mikataba. Hospitali ikipungukiwa na wauguzi humchukua kwa wiki 13, zikiisha tunahamia mji mwingine. Wenye nyumba huku wanataka utie sahihi ya mwaka mzima, na ukikaa hotelini wiki 13 ujue unamfanyia kazi mwenye hoteli. Tukanunua trela kuukuu na pikapu ya kulivuta. Mimi huwatunzia watu vitabu vya hesabu kwa njia ya intaneti, kwa hiyo ofisi yangu ni popote penye meza. Trela lina meza moja. Mchana ni ofisi, jioni ni ya chakula, usiku unaishusha, unatandika godoro, inakuwa kitanda cha mgeni. Nikiwa jikoni nakaanga mayai, naweza kufungua mlango wa choo kwa kisigino bila kuacha mwiko.

Mjomba alisikiliza yote bila kukohoa, na si kawaida yake.

"Hiyo nyumba ina msingi?"

"Hapana, mjomba. Ina magurudumu."

"Ina nambari ya usajili?"

"Iko nyuma, kama ya gari."

"Basi si nyumba. Ni gari. Mtu na mama mkwe wake wanaweza kupanda basi moja kutoka Malaba mpaka Nairobi, wakalala humo humo usiku kucha, na sijasikia mtu ametozwa faini. Mradi msitoe magurudumu."

Hakuuliza kama lina choo. Nami sikuona sababu ya kumchosha mzee.

Mama akaja Januari. Alinisalimu huku akiutazama mlango, nami nikaitika nikitazama jiko. Maongezi yote yalipitia kwa mke wangu. "Mwambie mume wako asante kwa kunipokea." Nami niko hatua moja kutoka alipo. "Mwambie mama karibu sana." Mke wangu katikati akigeuza shingo huku na huku, mpaka siku ya tatu akasema inamuuma.

Tatizo ni kwamba mkalimani wetu alikuwa na zamu ya usiku mara tatu kwa wiki, kila zamu ikiwa na urefu wa saa kumi na mbili. Alipoondoka mara ya kwanza tulikaa kimya karibu saa nzima. Halafu mama akageukia birika la umeme.

"Wewe birika," alisema, "laiti ungepata mtu wa kukujaza maji."

Nikalijaza. "Birika," nikasema, "mwambie mama maji yako tayari."

Tangu usiku ule mambo yakanyooka. Birika lilituletea habari za chumvi, za baridi, za mpwa aliyefeli mtihani. Shida ilitokea pale tu mama alipowasha birika, hita na maikrowevu kwa pamoja. Umeme wa trela letu ni wa ampea 30, na vitu vitatu vya joto kwa mpigo ni giza. "Birika, umefanya nini?" sauti ilitoka gizani, na kwa mara ya kwanza birika lilikosa la kusema.

Kulala ndiko kulikonishinda. Kuna jeki nne za kuweka chini ya pembe ili trela lisiyumbe, na zinasaidia, lakini haziliondolei springi zake. Mama akigeuka upande wake, nami nageuzwa upande wangu. Akipiga chafya natikisika. Nikasema moyoni kwamba mjomba aliruhusu kupanda basi moja, hakusema kuhusu kubebwa machela moja. Nikachukua blanketi nikahamia kwenye pikapu.

Hapo ndipo majirani wakaniona.

Kila majira ya baridi, bonde hili la Rio Grande hujaa wastaafu kutoka Minnesota, Iowa, Wisconsin na hata Kanada, wanaokimbia theluji. Wanakuja na trela na mabasi makubwa ya kuishi, wanakaa miezi mitatu, minne, wanacheza karata, wanavuka mpaka kwenda Nuevo Progreso kutengeneza meno kwa bei nafuu. Kazi nyingine hawana. Kuanzia alfajiri wamekaa kwenye viti vya kukunja wanatazama. Na alfajiri ni alfajiri kweli, kwa sababu huku kuna ndege anayeitwa chachalaca, mfano wa kuku aliyekonda, wakiamka kundi zima wanapiga kelele kama makanga wa stendi ya Machakos. Kila asubuhi ndege wakilia, majirani hutoka na kahawa zao, nami natoka kwenye pikapu na blanketi shingoni.

Hilo pekee lingeweza kuelezeka. Lakini kulikuwa na ugali.

Mnaoujua ugali wa kwetu mnajua kwamba kuusonga ni kazi ya bega na kiuno. Jioni mama akisimama jikoni na mwiko, trela zima lilikuwa linakwenda mbele na nyuma, springi zikilia. Mimi, kwa heshima, nilikuwa nimeshatoka nje, nimekaa kwenye kiti, mgongo nimeuelekeza mlangoni. Tazama sasa kwa macho ya mtu wa Minnesota: mke yumo ndani, kazini hajaenda, mapazia yamefungwa, trela linatikisika dakika kumi na tano, na mume yuko nje anamenya balungi. Usiku analala kwenye pikapu.

Watu wa Minnesota ni wapole. Hawakuuliza neno. Walianza kuleta pai.

Ililetwa ya tufaha, ikaja ya maboga, ikaja nyingine sikujua ni ya nini. Mzee wa basi la jirani, mtu mwenye ndoa ya zaidi ya miaka hamsini, akawa kila akipita ananishika bega na kulifinya kidogo. Nilidhani ndiyo salamu yao.

Jumapili moja mama alijiandaa kwenda kanisani. Gauni jipya la kitenge, kilemba kimesimama. Tulikuwa tunamsubiri mke wangu atoke zamu atupeleke. Nikaona nitumie muda huo kumwaga tangi la choo.

Kwa ambaye hajawahi kubahatika: trela lina matangi mawili ya maji machafu. Moja la sinki na bafu, la pili la choo, kiasi cha lita mia hivi. Kila moja lina mpini wake wa kuvuta, na yote mawili hutokea bomba moja la inchi tatu. La choo hulifungui mpaka lijae, kwa sababu ukiliacha wazi maji huondoka na mzigo hubaki, ukajijenga humo kama kichuguu. Likijaa, unafungua la choo kwanza, halafu la sinki, ili maji ya sabuni yasuuze mpira wa kumwagia. Mwisho kuna tundu dogo ubavuni mwa trela, unaunga mpira wa mfereji, na maji yanaruka ndani ya tangi la choo kulisafisha. Pembeni ya tundu kuna kibandiko: usifungulie maji haya kabla hujafungua tangi. Kibandiko hicho nimekisoma mara nyingi sana. Baadaye.

Ndani kuna taa za kukuonyesha tangi limejaa kiasi gani. Zetu zimekuwa zikisema robo tatu tangu tulinunue trela, hata siku tulipotoka kulimwaga.

Mipini yote miwili ni myeusi na maandishi yamefutika. Nikavuta mmoja. Kwenye kiungo cha plastiki angavu nikaona maji yanapita, meupe, yana povu zuri. Nikafurahi. Nikajisemea, huyu mama kweli ni mtu safi. Kumbe nimefungua la sinki. Nikaunga mpira kwenye lile tundu nikafungulia mfereji mpaka mwisho.

Wakati huo huo mzee wa Minnesota akatokea na pai. Safari hii hakuondoka. Alivuta kiti, akavua kofia, na nikajua leo lile bega litaelezwa.

"Kijana," alisema, na huyo mzee anaongea taratibu, kila neno analipima kwanza, "sitaki kuingilia. Lakini mimi na mke wangu tumekuwa tukiwaombea. Tuliwahi kupita hapo. Usiweke mambo moyoni. Ukiyafungia, yatajaa, na yakijaa yatatokea juu."

Tone likaangukia kwenye pai.

Tulitazama mbinguni. Hapakuwa na wingu. Tone la pili likaja, halafu mstari, halafu mvua ikaanza kunyesha ubavu mmoja wa trela letu tu. Juu ya paa kuna bomba la kutolea hewa ya tangi la choo, na bomba hilo lilikuwa linachemka kama chungu cha maharagwe. Mzee ameishi kwenye magari haya muda mrefu. Alielewa kabla yangu. Alifunika pai kwa kofia akarudi kinyumenyume.

Ndani, mama alikuwa anamaliza shughuli ya mwisho kabla ya kanisa.

Choo chetu hakina mnyororo wala kitufe. Kina pedali chini: unakanyaga, kifuniko kinafunguka, maji yanashuka. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofanya. Ila sasa chini ya kifuniko hapakuwa tena na tangi, palikuwa na nguzo ya maji iliyofika mpaka juu ya paa, inatafuta pa kutokea.

"Uuuwiii!"

Aliyeshtuka hatoi mguu. Hukandamiza, kama abiria anayekanyaga breki ambayo hana. Nilisikia maji yakipiga dari.

Na mimi niko nje, ukuta uko katikati, heshima iko katikati. Nikapiga kelele jambo la kwanza lililonijia:

"Birika! Mwambie mama atoe mguu!"

"Wewe mtoto wa watu!" ilijibu sauti, na hayo ndiyo maneno ya kwanza mama mkwe kuwahi kunielekezea mimi mwenyewe. "Achana na birika, funga mfereji!"

Nikaukimbilia mfereji. Mzee akaukimbilia mpini wa pili, akauvuta, na tangi likashuka kwa mngurumo ambao uliwanyamazisha hata chachalaca.

Baada ya hapo kimya. Kilichobaki ni kwamba mtu alipaswa kuingia kumtoa mama, na mtu huyo hangeweza kuwa mimi. Mke wa mzee hakuuliza. Alivaa gumbuti za mumewe, akafunga kitambaa puani, akaingia kama zimamoto. Nilipomsikia anamtoa, nikazunguka nyuma ya pikapu na kuinama. Ndiyo kichaka nilichokuwa nacho.

Mama alipelekwa kwenye basi lao, lenye bafu la kusimama mtu mzima. Alitoka baada ya saa nzima. Kilemba kilikuwa kimekwenda, na kitenge pia. Alikuwa amevaa sweta la zambarau la Minnesota Vikings na suruali ya mazoezi. Mama huyo hajawahi kuvaa suruali maishani. Alikuwa anatembea akiwa ameachanisha miguu, kana kwamba suruali ina mtu mwingine ndani.

Ndipo mke wangu akaingia na gari lake. Alimwona mama yake, akaniona mimi na ndoo ya jiki, akamwona mzee amekumbatia kofia yenye pai.

"Kumetokea nini?"

Mama ndiye aliyejibu, na hakunitaja.

"Gari limechemka," alisema.

Nilisafisha siku mbili. Godoro tulilitupa, mapazia tukayatupa, birika likapona. Mama hakurudi kulala kwetu. Wenzake wa Minnesota walimpa sofa, na hadi anaondoka Machi alikuwa anawashinda karata bila kuijua lugha yao vizuri. Mimi nikarudi kitandani. Pai hazikukoma, kwa sababu sasa walikuwa wanaona kwamba ndoa imepona na ilistahili kupongezwa.

Simu ya mjomba ilikuja Jumatano. Habari zilikuwa zimeshatangulia.

"Choo?" alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Gari lenye choo?"

"Hukuuliza."

Alinyamaza nikadhani laini imekatika. "Kitu chenye jiko, kitanda na choo," alisema, "hicho ni boma, hata ukikifunga mabawa. Mbuzi."

Nikatuma pesa za mbuzi kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, nisije nikasikika mbishi. Dakika kumi hazikupita, akapiga tena.

"Nimepata za mbuzi mmoja."

"Si ndivyo ulivyosema?"

"Huyo ni wa choo. Picha ya suruali imefika sasa hivi."