Jukwaa la haidroli kwenye yoti: lipimwe kwa mwogeleaji, si kwa kidau

Wamiliki wengi wa yoti za injini wanapofikiria kuongeza jukwaa la kuogelea linaloshuka na kupanda kwa haidroli huanza na swali moja: litabeba kilo ngapi? Muuzaji hulijibu kwa furaha, maana jibu lipo tayari kwenye kipeperushi chake, iwe ni 300, 400 au 500, na kwa vyombo vikubwa zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba namba hiyo inaeleza nguvu za jukwaa peke yake. Haisemi lolote kuhusu ukuta wa tezi, yaani ukuta wa nyuma kabisa wa chombo, utakaolishikilia, wala kuhusu chombo kitakachokwenda nalo safari zote, hata siku ambazo hakuna mtu aliyekusudia kuogelea. Maoni yangu, ambayo najua hayatawapendeza wanaotaka kupakia kidau au pikipiki ya maji, ni kwamba kwa yoti ya mita 12 hadi 16 ambayo haikujengewa jukwaa la aina hii tangu kiwandani, jukwaa liwe dogo na jepesi, na kazi yake iwe kuwashusha watu majini na kuwapandisha, basi.

Kazi hiyo si ya kubezwa. Anayetoka majini kwa ngazi ya kawaida hukuta kwamba miguu yake inavutwa chini ya chombo na uzito wote unaangukia mikono, jambo ambalo kijana hulimudu bila kulifikiria lakini mzee mwenye goti bovu huliogopa kiasi cha kuacha kabisa kuogelea. Jukwaa la haidroli hushuka hadi nusu mita au zaidi chini ya maji; mtu huelea hadi juu yake, hukalia au husimama, kisha huinuliwa taratibu. Linabaki mlalo muda wote kwa sababu kila upande lina mikono miwili inayolingana urefu na kwenda sambamba, na silinda husukuma mikono hiyo bila kuliinamisha jukwaa. Ndiyo maana mzamiaji mwenye mtungi mgongoni anaweza kukaa juu yake akavua vifaa vyake kimoja kimoja bila haraka. Kwa mtu aliyeanguka baharini akachoka, au aliyepigwa na baridi hadi vidole havishiki kitu, tofauti kati ya ngazi na jukwaa hilo inaweza kuwa kubwa kuliko anasa yote inayotajwa kwenye matangazo.

Sasa tuutazame uzito, maana hapo ndipo hesabu za wengi huharibika. Chukua yoti ya tani 15 ambayo kitovu chake cha uzito kiko mita 5 mbele ya ukuta wa tezi. Ukiongeza jukwaa na mzigo wake wenye jumla ya kilo 600, ukaviweka mita moja nyuma ya ukuta huo, kitovu kinarudi nyuma kwa takriban sentimita 23. Ukiweka jukwaa dogo la kilo 200 lisilobeba kitu safarini, kinarudi kwa chini ya sentimita 8. Kwa chombo kinachotegemea kupanda juu ya maji ili kikimbie, sentimita hizo si mchezo: tezi inazama, omo, yaani sehemu ya mbele, inainuka hadi nahodha haoni mbele vizuri, injini zinachukua muda mrefu zaidi kukinyanyua chombo, na mafuta yanakwenda. Vibapa vya kurekebisha mlalo, vile vibao vinavyofungwa chini ya tezi, vinaweza kuisukuma omo chini, lakini huo ni ukinzani mwingine unaolipiwa kwa mafuta yale yale. Kuna wanaoongeza kipande cha bodi (mwili wa chombo unaokaa majini) nyuma ili tezi ipate maji zaidi ya kuibeba, na kitaalamu hilo ni suluhisho zuri, ila kwa gharama yake mtu huwa ameshatoka kwenye kuongeza kifaa na kuingia kwenye kuunda upya chombo.

Ukuta wa tezi nao una hesabu yake. Kilo 600 zilizoning'inia mita moja nje ya ukuta, zikishikwa na safu mbili za bolti zilizopishana kwa sentimita 40, huivuta safu ya juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani moja na nusu. Hapo chombo kimetulia. Kikianza kuruka juu ya mawimbi mzigo huo huongezeka, na wimbi likilipiga jukwaa kutoka chini, mvuto unahamia kwenye bolti za chini. Hivyo fundi anayeahidi kwamba washa kubwa (vile vipete vya chuma vya bolti) zitatosha kwa upande wa ndani sitampa kazi. Panahitajika bamba pana la kusambaza nguvu, na kwenye vyombo vingi panahitajika pia kuuimarisha ukuta kwa matabaka ya faiba yanayofika hadi kwenye mbavu za ndani.

Kabla ya hayo yote, ukuta wenyewe uchunguzwe. Kuta nyingi za tezi kwenye boti za faiba zina kiini cha plaiwudi kilichofunikwa pande zote mbili, na kiini hicho kinaweza kuwa kimeloa miaka mingi bila rangi ya nje kuonyesha dalili yoyote. Kipimo cha unyevu husaidia, lakini mimi huamini zaidi keekee. Toboa tundu dogo kutoka ndani, mahali ambapo bamba litakuja kulifunika, kisha tazama kinachotoka. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni habari njema. Chenga nyeusi zinazojikunja kama ugoro uliolowa na kutoa harufu ya uvundo maana yake kazi ya jukwaa isimame hadi ukuta utengenezwe. Matundu ya bolti nayo yasiachwe mbao ikiwa wazi. Utaratibu sahihi ni kutoboa tundu pana kuliko bolti, kulijaza epoksi iliyokolezwa, kuacha ikauke, kisha kutoboa upya katikati ya epoksi hiyo, ili hata kalafati, yaani kizibo cha kuzuia maji, ikichoka siku moja maji yasikute mbao ya kunywa. Mabaharia husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na tone linalopenya kwenye tundu la bolti hufuata njia hiyo hiyo hadi ngamani, chini kabisa ndani ya chombo.

Mambo mengine nyuma ya chombo hayahitaji maneno mengi, ila yasisahauliwe: mabomba ya moshi yanayotokea kwenye ukuta wa tezi, vibapa, taa za chini ya maji, na kwa injini zenye mguu wa nje, nafasi ya mguu kuinuka. Jukwaa likishuka juu ya mojawapo ya vitu hivyo, moja kati ya viwili litavunjika.

Kuhusu umeme, mzigo wa pampu huwashangaza watu. Mota inayokula ampea 150 kwenye mfumo wa volti 12, ikilishwa kwa kebo ya shaba ya milimita 50 za mraba, mita 8 kwenda na 8 kurudi, hupoteza karibu volti 0.8 njiani. Betri ikiwa imechoka kidogo, kinachobaki huenda kisitoshe kuinua mzigo, na hapo ndipo jukwaa husimama katikati likiwa limezama na watu wakiwa juu yake. Kwenye mfumo wa volti 24 mota ya nguvu hiyo hiyo inakula nusu ya ampea, na upotevu unashuka hadi karibu volti 0.4. Kama chombo ni cha volti 12, ningeiweka pampu karibu na betri na kuacha mafuta ya haidroli yasafiri mbali kwenye mipira yake badala ya umeme kusafiri mbali kwenye kebo. Fyuzi ikae jirani na betri, si jirani na pampu, kwani inailinda kebo. Mafuta yawe ya aina inayooza yenyewe, kwa kuwa mpira uliopasuka huyamwaga moja kwa moja baharini, na jukwaa liwe na anodi zake (vipande vya metali vinavyoliwa na kutu badala yake), hasa pale alumini inapokutana na chuma kisichoshika kutu ndani ya maji ya chumvi.

Jambo ambalo vipeperushi hulipitia kwa haraka ni kwamba jukwaa huwakusanya watu mahali pa hatari kuliko pote kwenye chombo. Rafadha, yaani mapanga yanayokisukuma chombo, ziko chini yao, na moshi unatoka karibu na pua zao. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina rangi wala harufu, injini na jenereta za petroli hutoa nyingi kuliko za dizeli, na waogeleaji wamepoteza maisha nyuma ya boti zilizokuwa zimetia nanga, jenereta ikiendelea kunguruma. Kwa hiyo jukwaa likiwa chini, injini zizimwe, na jenereta inayotolea moshi upande wa tezi izimwe pia. Inawezekana kufunga swichi inayozuia jukwaa kushuka wakati injini inafanya kazi, na nisingekubali kazi iitwe imekamilika bila swichi hiyo, wala kumruhusu anayelishusha asimame mahali ambapo hawaoni waliomo majini. Mikono ya haidroli haijui kidole.

Makaratasi yapo pia. Kampuni ya bima iarifiwe kabla ya kazi, na si baada ya ajali. Marina nyingi (bandari za yoti) hutoza kwa urefu wote wa chombo, jukwaa likiwemo, hata kama kiwango cha kimataifa cha vipimo vya boti, ISO 8666, hakihesabu sehemu zinazoweza kuondolewa kinapopima urefu wa bodi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mwongozo wa 2013/53/EU kuhusu vyombo vya burudani unataka chombo kilichobadilishwa kwa kiasi kikubwa kitathminiwe upya, na ukubwa wa jukwaa ni miongoni mwa mambo yanayoweza kukifikisha huko.

Hata baada ya jukwaa kufungwa, ngazi ya mkono ibaki, nayo iwe ya aina ambayo mtu aliye majini anaweza kuivuta mwenyewe bila msaada wa aliye juu. Mafundi wengine huiondoa kwa sababu inaharibu sura ya jukwaa jipya au inachukua nafasi ya ubao wa msaji. Waambiwe tangu siku ya kwanza kwamba haitolewi, kwa sababu betri inaweza kuisha wakati watu wote wako majini.