Ramani ya Dodoma ipitiwe mvua ikinyesha

Nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya Mkonze kwenye njia ya Iringa, kuna bikoni, lile jiwe la zege la kuonyesha mpaka wa kiwanja, imesimama katikati ya mchanga. Ukiitazama mwezi wa Septemba huoni kosa lolote. Mchanga umekauka, watoto wanachezea mpira hapo, mbuzi wanakatiza. Ukija Januari huioni kabisa, kwa sababu iko chini ya maji.

Kampuni iliyopima eneo lile ilikuja Agosti. Vijana wenyewe walikuwa wachapakazi, walianza saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, wakamaliza kwa siku mbili. Babu jirani yetu, ambaye amelima pale tangu sijazaliwa, aliwasogelea na fimbo yake. "Wajukuu zangu," akawaambia, "hapo mnapochimba ni njia ya maji." Mmoja wao akaacha kazi, akamwamkia vizuri, akamfunulia karatasi. "Shikamoo babu. Kwenye mchoro hapa ni makazi." Babu hakubishana. Alirudi kukaa chini ya mbuyu wake.

Kiwanja kikauzwa. Walionunua ni mke na mume waliohamia huku kikazi, majirani wema, wakaweka msingi kwa akiba yao yote. Mvua ya tatu ya msimu ikalamba kifusi chote walichokuwa wamejaza. Asubuhi yake nilimkuta yule mama amesimama ukingoni, kanga kichwani, anahesabu tofali zilizobaki. Sikuwa na neno zaidi ya pole. Hati anayo, kiwanja kimepimwa, mchoro umepitishwa. Hakuna karatasi iliyokosekana.

Kwa hiyo kila ninaposikia habari za kupitia upya mipango ya matumizi ya ardhi, ombi langu ni lile lile: kazi hiyo ifanyike kwa miguu, na ifanyike masika.

Sipingi mipango hata kidogo. Dodoma ni mji uliozaliwa upya kwa mipango. Ilipoamuliwa mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huku, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mwaka 1976 ukapatikana mpango kabambe wa kwanza, uliochorwa na Project Planning Associates, kampuni ya Toronto nchini Kanada. CDA ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake zikakabidhiwa kwa iliyokuwa Manispaa, mwaka uliofuata tukawa Jiji, na sasa tuna mpango kabambe wa 2019 hadi 2039. Katika muda huo watu wamemiminika. Sensa ya 2012 ilituhesabu 410,956. Ile ya 2022 ikatukuta 765,179. Na hapo treni ya mwendokasi ilikuwa bado haijaanza kushusha abiria hapa, maana imeanza 2024. Kanuni zilizowafaa watu laki nne haziwezi kuachwa kama zilivyo kwa watu wanaoelekea milioni. Lazima zipitiwe. Ninachouliza ni nani anazipitia, akiwa wapi, na mwezi gani.

Mwezi una maana kubwa huku kwetu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600 tu. Mgeni akisikia hivyo anafikiri shida yetu ni ukame peke yake. Lakini kiasi hicho kidogo huanguka kwa vishindo, juu ya ardhi iliyokaa miezi saba bila jani, imekauka ikawa ngumu kama sakafu. Ardhi hiyo hainywi maji, inayasukuma. Yanakusanyika kutoka vilimani, yanashika korongo, na kwa saa mbili tatu mahali pa mpira wa watoto panakuwa mto unaobeba magogo. Kesho yake pamekauka. Ukifika keshokutwa na karatasi zako, utaona uwazi mzuri ulionyooka unaofaa viwanja.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa na bahari. Ni kifungu kizuri, nakitetea kwa moyo wote. Lakini mita 60 kutoka wapi? Korongo la kwetu halina ukingo mmoja. Mwaka huu limekula upande wa shamba la mahindi, mwaka juzi lilikula upande wa njia. Na kuna wanaokwambia bila kusita kwamba korongo si mto, kwa kuwa halina maji, kwa hiyo mita 60 hazilihusu. Hapo ndipo kanuni za halmashauri zinapaswa kuingia na kusema waziwazi, kwa maneno ya huku: korongo ni njia ya maji, hata likikauka mwaka mzima, mita zinahesabiwa kutoka mahali maji yalipowahi kufika mbali zaidi, na mahali hapo panaonyeshwa na wakazi, panawekewa alama kabla kiwanja hata kimoja hakijapimwa. Bikoni za kwanza ziwe za maji. Za watu zifuate.

Haya hayaishii kwenye msingi wa nyumba moja. Kaskazini mwa mji kuna bonde la Makutupora, ambalo visima vyake vimekuwa tegemeo la maji ya mji huu kwa miongo mingi. Maji yale hayatoki mbinguni moja kwa moja hadi kwenye bomba. Yanapenya polepole kwenye mchanga wa mabonde, yale yale tunayoyaona yamekaa bure. Ukiyafunika kwa zege na kuyazungushia mashimo ya vyoo, umeamua kuhusu bomba la mjukuu wako. Na yanayokosa kupenya hayapotei. Mto Kinyasungwe Mdogo unayapeleka bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957, na tangu hapo limekuwa likijaa tope. Kinyasungwe wenyewe unaendelea kushuka upande wa Gulwe hadi Kilosa, mkoani Morogoro, ambako mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaling'oa reli ya kati. Mtu anayechora matumizi ya ardhi Dodoma anagusa na watu wa Kilosa, ingawa hawatawahi kukaa mkutano mmoja naye.

Sasa niseme kuhusu mashamba, kwa sababu hili linaniuma kuliko yote.

Mama yangu ana ekari moja na nusu ya zabibu Mbabala. Watu wa nje wanashangaa kusikia kuna mashamba ndani ya Jiji, lakini Jiji letu lina kata 41 na sehemu kubwa ya ardhi yake bado ni mashamba na pori. Zabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mama anapogoa mwenyewe, mkasi mkononi, anaujua kila mzabibu kama mtu anavyowajua wajukuu zake: huu ulichelewa, huu mwaka jana ulipata ukungu. Walipokuja watu wa upimaji na pendekezo lao la kugawana viwanja, yeye abaki na sehemu na wao wachukue sehemu, aliwakaribisha maji ya kunywa, akawasikiliza hadi mwisho. Walipoondoka akaniambia, "Mwanangu, kiwanja nitakiuza mara moja. Zabibu nauza kila mwaka mara mbili."

Jirani zake watatu walikubali. Siwalaumu, mmoja alikuwa na mtoto wa chuo. Ila nilipoiona ile ramani waliyoonyeshwa, nilikuta shamba la mama limeshapakwa rangi ya makazi. Hakuna aliyemuuliza. Na katika michoro mingi ya namna hiyo niliyowahi kuiona, shamba halihesabiwi kuwa ni matumizi. Linahesabiwa ni ardhi inayosubiri kupata matumizi. Mwanamke anayelisha nyumba yake kwa zabibu miaka ishirini anaambiwa na rangi ya karatasi kwamba bado hajafanya chochote pale.

Zamani kanuni zetu zilikuwa na macho zaidi. Kanuni za kilimo mjini za mwaka 1992 zilimtambua mkulima wa mjini, zikampa hadi ekari 3 za kulima. Hata kama mtu haikubali idadi hiyo, walau shamba lilikuwa na jina. Kanuni mpya zilipe tena jina, na mwenye shamba anayetaka kubaki mkulima asilazimike kulitetea kila kampuni inapopita na karatasi.

Watu wa mkoa huu wana kumbukumbu ndefu na ramani. Bibi yangu alihamishwa kwenye Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, watu walipokusanywa vijijini. Alikuwa akisimulia jinsi walivyoliacha tembe lao, wakapangwa mstari mmoja mahali penye udongo mwepesi usioshika uwele, wakati shamba la rutuba limebaki nyuma, mwendo wa asubuhi nzima. Alisema mzee yeyote angewaambia pale hapalimiki. Hakuna mzee aliyeulizwa. Na kule Kondoa, baada ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma kuanza 1973, mifugo yote iliondolewa mwaka 1979 kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256 ili kuiokoa ardhi iliyokuwa imechimbika makorongo. Nikiri kwamba pale majani na miti ilirudi. Amri ile ilikuwa na sababu. Lakini gharama aliibeba mfugaji aliyeambiwa ahamishe ng'ombe wake wote, na ilichukua miaka mingi kabla watu hawajaruhusiwa kufuga tena, kwa kulisha ndani. Kwa hiyo unapomwona mzee wa Kigogo au Mrangi anakaa kimya kwenye mkutano wa ardhi, usifikiri hajaelewa. Ameona ramani nyingi.

Kuna jambo ambalo wengi wa pembezoni mwa mji hawalijui. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji lazima upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Nyie wenyewe, mmekaa chini ya mti, mnanyoosha mikono. Siku kijiji kinapogeuka mtaa wa Jiji, nguvu hiyo inahama na kwenda kwa mamlaka ya upangaji. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wadau washirikishwe, ni kweli, lakini kushirikishwa na kupitisha si kitu kimoja. Nadhani Jiji linaweza, kwa kanuni zake lenyewe, kurudisha sehemu ya heshima ile: rasimu isiende mbele mpaka mkutano wa mtaa husika umeijadili na maoni yake yameandikwa, na pale yanapokataliwa, sababu iandikwe pia na kusomwa mbele ya watu wale wale.

Na rasimu iwe ya kusomeka. Ramani niliyoiona mimi ilikuwa na maelezo ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, herufi ndogo kama chawa. Ibandikwe kubwa, ukutani kwenye ofisi ya mtendaji wa mtaa, rangi zielezwe kwa Kiswahili, na ionyeshe vitu ambavyo watu wanavijua: mbuyu, kisima, msikiti, kanisa, njia ya ng'ombe, makaburi. Mama yangu hasomi namba za vitalu. Lakini mwonyeshe mti atakwambia shamba ni la nani, la baba yake lilikuwa la nani, na maji yanakatiza wapi.

Hili la kubadili matumizi ya kiwanja kimoja kimoja nalo lisisahaulike. Nyumba ya kuishi inakuwa baa, uwanja wa wazi unakuwa gereji, na majirani wanajua siku muziki unapowashwa. Kila ombi la aina hiyo libandikwe mtaani mapema, kwa lugha ya kueleweka. Hilo halihitaji hata bajeti.

Najua jibu nitakalopewa. Kutembea mitaa yote ni gharama, wawekezaji wanasubiri, na masika barabara za pembezoni hazipitiki. Gharama nakubali ipo. Lakini waulizeni waliojenga korongoni ni kiasi gani wamelipa, na Serikali italipa kiasi gani kujenga kalvati na kuta za kuzuia maji mahali ambapo palitakiwa paachwe tu. Na barabara ikiwa haipitiki Februari, hiyo yenyewe ni taarifa. Iandikwe kwenye ramani.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa babu jirani. Kwenye mbuyu wake kuna mikato ya panga, minne au mitano, mingine imeshaanza kufunikwa na gome. Kila mkato ni mahali maji yalipofika mwaka wa mvua kubwa. Wa juu kabisa, unaonifika kiunoni, ni wa El Niño ya 1997 na 1998. Nilisimama mgongo kwenye mkato huo, nikatembea kwenda kwenye ile bikoni ya katikati ya mchanga, nikihesabu. Hatua 46, na njia nzima ni mteremko.

Babu anasema yuko tayari kumwonyesha yeyote atakayekuja. Aje asubuhi, mchana huwa amelala.