Windows 10 imeachwa: je, kompyuta za mtumba zihamie Linux?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imemaliza huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Kwa shule na ofisi zetu ndogo jambo hili ni zito, maana laptopu nyingi zilizomo ni za mtumba: HP EliteBook, Dell Latitude au ThinkPad zenye prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7. Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama kilicho ndani ya kompyuta. Tazama namba ya prosesa yako: i5-6300U ni kizazi cha 6, haipiti, i5-8250U ni cha 8, inapita. Mashine yenye RAM ya GB 8 inayofanya kazi vizuri kabisa inakataliwa kwa tarakimu moja.

Wanaosema tuhamie Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, wana hoja nzito. Linux Mint 22, mojawapo ya aina za Linux, ni ya bure, itapata masasisho hadi 2029, na mashine ya kizazi cha 6 yenye SSD inaiendesha bila kuhema. Kuijaribu hakuhitaji kufuta chochote: iandike kwenye flashi ya GB 8, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, kisha pima Wi-Fi, sauti, printa, na kama mashine inaamka ukifunika na kufunua. Wi-Fi za Broadcom ndizo husumbua zaidi, kwa hiyo uwe na waya wa mtandao karibu ili uweze kupakua draiva. Ukitaka kuiweka pamoja na Windows, toa nakala ya mafaili yote na uzime BitLocker (kufuli ya Windows inayosimba diski) kabla ya kugusa diski.

Lakini wanaopinga nao hawabahatishi. QuickBooks, programu ya uhasibu, ile ya kusakinishwa kwenye kompyuta haina toleo la Linux. Fomu za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), zikiwemo zile za kujazia ritani za KRA, mamlaka ya kodi kule Kenya, zinaweza kugoma ndani ya LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, na mhasibu hatagundua hadi siku ya mwisho ya kuwasilisha. Tena kuna suala la fundi. Mafundi wengi wa mitaani wamezoea Windows. Printa ikigoma Jumatatu asubuhi, wa kwanza kuitwa atashauri kufuta kila kitu na kurudisha Windows ya kukwepa leseni, ambayo mara nyingi huja na masasisho yamezimwa. Hapo ofisi imerudi nyuma kuliko ilipoanzia.

Kulazimisha Windows 11 kwa kuondoa ukaguzi wa TPM kupitia Rufus, programu ya kuandalia flashi ya kusakinishia, kunawezekana, ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na kila toleo kubwa huenda ukalazimika kulisakinisha mwenyewe. Kwa ofisi nisingeshauri.

Ninachokiona sahihi ni kuzigawa mashine. Ya mhasibu ibaki Windows 10, iandikishwe kwenye mpango wa ESU wa mashirika, yaani masasisho ya ziada ya usalama kutoka Microsoft, na fedha za kuibadilisha ziwekwe kwenye bajeti sasa. Za mapokezi, maktaba na wanafunzi, ambazo kazi yake ni barua, barua pepe na kivinjari, zihamie Mint. Anzeni na moja, itumike mwezi mzima na mtu asiye fundi, na matatizo yote aliyokutana nayo yaandikwe kabla ya kugusa ya pili.