Umemeza dawa lini?

"Dokta, nataka vipimo vyote." Ndivyo wengi wanavyoanza wakifika dirishani kwetu maabara kupima magonjwa ya zinaa, na mtu yeyote mwenye koti jeupe huitwa dokta. Nachukua fomu, naandika umri, kisha nauliza swali ambalo fomu yenyewe haina: ndani ya mwezi huu umetumia dawa gani? Kijana anatazama pembeni. Anasema hakuna. Nikimweka kando na kumuuliza tena kwa sauti ya chini, yanatoka: juzi alinunua antibayotiki ya azithromisini duka la dawa, na kabla ya hapo alimeza vidonge vichache vya doksi, antibayotiki nyingine, vilivyobaki vya mdogo wake.

Jibu hilo linabadilisha maana ya karatasi nitakayompa.

Chukua kisonono. Tukiotesha usaha kwenye sahani, bakteria lazima awe hai ndipo aote. Aliyemeza dozi nusu juzi amempunguza nguvu, hajammaliza. Sahani inabaki tupu, jibu linatoka hasi, mtu anarudi nyumbani kwa mwenza wake akiwa na amani moyoni. Siku zinapita, usaha unarudi, na sasa wanaumwa wawili.

Kipimo cha vinasaba nacho kina mtego wake, tena wa upande wa pili. Mashine inatafuta vinasaba vya bakteria, haiulizi kama mwenyewe yu hai au amekufa. Mama aliyetibiwa klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa wa bakteria, akamaliza dawa zote vizuri, akipimwa siku ya kumi, anaweza kuonekana bado anayo, kumbe yaliyosomwa ni mabaki tu. Ndiyo maana husubiriwa kama wiki nne tangu tiba. Nimewahi kumwona mwanamke analia kwenye benchi la korido kwa sababu ya jibu la namna hii. Mumewe alikuwa ameshaamua kwamba ametoka nje tena. Hakuna aliyewaambia kuwa walipima mapema mno. Wiki nne hizo zikipita, bado ni vizuri kurudi miezi mitatu baada ya tiba, safari hii kutazama kama ameambukizwa upya, jambo linalotokea sana pale mwenza anapokataa kutibiwa.

Kaswende ndiyo inayovunja nyumba nyingi bure. Kipimo cha haraka wanachofanyiwa wajawazito kliniki hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya ugonjwa, na kwa watu wengi kingamwili hizo hazitoki mwilini maisha yote. Mama alichomwa penisilini mimba ya kwanza, akapona kabisa. Mimba ya pili mstari unachora tena. Hapo anahitaji kipimo kingine, RPR, ambacho namba zake hushuka tiba ikifanya kazi: aliyeanza na 1:32 akafika 1:8 yuko njiani kupona. Namba hizo hufuatiliwa miezi 6 na 12 baada ya tiba. Kwa hiyo kadi ya zamani ya kliniki, hata ikiwa imechakaa, ni mali. Itunze.

VVU ni virusi, antibayotiki hazigusi kipimo chake. Pale kinachohesabiwa ni siku tangu tukio, na kipimo cha haraka cha kingamwili hurudiwa baada ya miezi 3.

Kinachoniuma zaidi ni hii inayoitwa UTI sugu, maambukizi ya njia ya mkojo yasiyoisha. Dada anameza antibayotiki ya sipro mara ya kwanza, ya pili, ya nne, hakuna aliyewahi kuotesha mkojo wake. Wakati mwingine si UTI kabisa. Klamidia huishi ndani ya seli, haioti kwenye sahani ya kawaida ya mkojo, na hata kikopo hujazwa tofauti: UTI inataka mkojo wa katikati, klamidia na kisonono vinataka ule wa mwanzo, mtu akiwa hajakojoa kwa saa moja angalau. Ukichanganya na dawa alizokwisha kumeza, unapata majibu hasi matatu na maumivu yaleyale.

Sisemi mgonjwa aachwe na maumivu akisubiri mashine. Kutibu kwa kufuata dalili kuna heshima yake hapa kwetu. Utafiti uliofanyika vijijini Mwanza miaka ya mwanzo ya 1990 ulionyesha kwamba kuboresha tiba hiyo kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Hilo ni jambo kubwa, na lilifanyika bila maabara za kifahari. Lakini dalili hazimwoni asiye na dalili, na wanawake wengi wenye klamidia hawana hata moja. Leo tuna mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu. Mashine hizohizo, zikipewa katriji yake, yaani kikasha cha kipimo kinachochomekwa ndani, husoma klamidia na kisonono kwa kama dakika 90. Katriji hizo ziletwe. Na pale ambapo kipimo kipo, sampuli ichukuliwe kwanza, kidonge kimezwe dakika tano baadaye, mgonjwa akiwa palepale.

Wenzangu wa maduka ya dawa, nanyi nawasihi: mtu akija na usaha, mwelekezeni kituoni kabla hamjamkatia vidonge vitatu. Najua ana haraka, najua ana aibu, na najua foleni ya kituoni ni ndefu.

Kwa upande wangu, nimeanza kuandika kwa peni pembeni mwa kila fomu: dawa gani, tarehe gani. Wiki iliyopita nilikuta fomu za zamu ya usiku, ambayo sikuwapo, nazo zina maneno hayohayo kwa mwandiko wa mtu mwingine.