Mtindi Uliokufa Magharibi

Nimeshika nazi hapa, jamani. Nazi nzima, na kifuu chake, imevalishwa nailoni. Siyo nazi iliyokunwa, hapana. Nazi inayoweza kumpasua mtu kichwa ikidondoka, imefungwa kwa ile nailoni nyepesi inayong'ang'ania vidole, imebandikwa karatasi yenye bei na tarehe. Na nimeinunua mwenyewe kwa hela yangu, msiniulize. Mama Zuhura kasema "ukirudi pitia nazi," nimechelewa, wauza nazi wa sokoni wameshafunika meza, na mlango wa supamaketi ulikuwa unawaka taa.

Nazi imekosa nini? Imeumbwa imeshafungwa: juu makumbi, chini kifuu, na ndani kingozi chake. Makumbi unasokota kamba, kifuu unatengeneza upawa, unachotea mchuzi wa nazi ileile iliyokuwa ndani yake. Nitajieni kiwanda chochote duniani kinachotengeneza kifungashio ambacho ukimaliza kula kinageuka kijiko. Halafu anatokea mtu na mkasi na roli la nailoni, anasema hapana, haijafungwa vizuri.

Nafika kaunta na nazi yangu ya nailoni, tango la nailoni na ndizi nne zilizolazwa kwenye kisahani cheupe chepesi kama mgonjwa wa hospitali ya Ligula, nazo juu nailoni. Binti wa kaunta ananitazama kwa huruma.

"Shikamoo baba. Una mfuko?"

"Marahaba mwanangu. Sina. Nipe rambo."

Alishtuka kama nimeomba bangi. Akanikumbusha kwa adabu kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, na ukikutwa nao faini inaanzia 30,000 hadi 200,000, au siku 7 ndani, au vyote viwili. Najua, mwanangu. Niliiunga mkono sheria ile kwa mikono miwili. Mifereji ya kwetu Chikongola, hapa Mtwara, ilikuwa inakohoa rambo kila mvua ikinyesha, na mbuzi wa jirani yangu alipochinjwa tumboni alikutwa na duka. Ninachouliza ni hiki tu: plastiki ikibeba ndizi ni kosa, plastiki ikivaliwa na ndizi ni usasa?

Binti akasema tango bila nailoni linanyauka. Hapo nilinyamaza, maana ni kweli. Tango karibu lote ni maji, likisafiri siku mbili juu ya lori toka bara linafika limekunjamana kama mimi. Haya, msafiri avae koti. Lakini nazi imetoka Msanga Mkuu, imevuka maji dakika chache kwa pantoni. Koti la nini?

Nikanunua mfuko wa kitambaa wa mia nane. Ni wa kumi na moja nyumbani. Yote nilinunua kwa sababu ile mingine niliisahau nyumbani.

Sasa ningekuwa nimeshaondoka, na haya yote yasingetokea, kama nisingegeuza shingo upande wa friji.

Kijana mmoja mwenye aproni alikuwa anatoa vikombe vya mtindi anapanga kwenye boksi. Nikahesabu, 22. Kila kikombe 1,500.

"Mwanangu, hivyo vinakwenda wapi?"

"Vinatupwa, mzee. Muda wake unaisha leo."

"Leo ipi?"

"Leo hii."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa moja na robo usiku. Nikajiweka sawa kola. "Mwanangu, leo haijaisha. Niuzie vitano kwa nusu bei, nivimalize kabla leo haijakwisha. Nina familia yenye uwezo huo."

"Kompyuta haina nusu bei, mzee."

"Basi niitie mkubwa wako. Mwambie balozi anamwita."

Meneja akaja mbio akivaa koti. Kijana mwembamba wa bara, mpole, mwezi wake wa pili Mtwara. Akainama kidogo. "Karibu sana mheshimiwa. Balozi wa nchi gani?"

"Wa shina," nikasema. "Nyumba kumi."

Koti likavuliwa. Lakini nampa haki yake, alinisikiliza. Akasema mzee, nikikuuzia ukaumwa tumbo, anayefungwa ni mimi. Kuuza chakula kilichopitwa na muda ni kosa. Nikamwambia ni sahihi kabisa, ila mtindi huu haujapitwa, umebakiwa na saa tano kasoro robo za kuishi, na hata anayehukumiwa kunyongwa hupewa mpaka alfajiri. Nilikuwa nashinda. Niliona uso wake unalegea.

Ndipo mlinzi wa mlangoni, mzee mwenzangu, mtu wa Mikindani, akaweka kirungu chini na kusogea.

"Balozi, samahani. Magharibi imeshaadhiniwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hii siyo leo. Jua limezama, siku imegeuka. Leo ilikuwa Alhamisi, sasa ni usiku wa Ijumaa. Mtindi umekufa magharibi."

Nikamwambia hayo ni mambo ya msikitini, huu ni mtindi. Akanijibu taratibu, kwa sauti ya mtu aliyesubiri miaka: "Balozi, mwaka jana ulitangaza hitima ya marehemu shangazi yako, ukasema usiku wa Ijumaa. Tukaja lini?"

Alhamisi. Walikuja Alhamisi jioni, wote, na walikula.

Hapo watu wameshajaa. Mama mmoja mwenye toroli akasema nyote mnakosea, siku inaanza asubuhi, ndiyo maana saa moja ni asubuhi, huwezi kuanza kuhesabu katikati ya kitu. Kwa hesabu yake mtindi unaishi mpaka kunakucha. Mwalimu fulani, nilimjua ualimu wake kwa kalamu mfukoni, akasema siku inageuka saa sita usiku, ipo vitabuni. Mama akamuuliza vitabu vya nani. Meneja akajaribu kusema kwamba tarehe ni ya kompyuta, mlinzi akataka kujua kompyuta inaswali wapi. Kijana wa aproni amesimama na boksi, mara alirudishe frijini, mara alitoe, kila mzungumzaji akishinda yeye anapiga hatua mbili upande wa mshindi. Mtu mmoja nyuma, hata hajui kinachobishaniwa, akapaza sauti: "Wauze tu, kwani nani kafa?"

Na umeme ukakatika.

Kimya. Hapa Mtwara, gesi inachimbwa palepale Mnazi Bay, na bomba lake limesafiri mpaka Dar es Salaam, sisi tumekaa gizani tunajadili lini siku inaanza. Meneja akawasha tochi ya simu akasema kwa furaha isiyofichika: "Mashine imezima. Hakuna mauzo."

Kilichofuata sikukipenda, na hapa sitanii. Meneja alimpa kijana kisu. Utaratibu, akasema, ili watu wasije wakaviokota jalalani. Kijana akachuchumaa nje, kwenye mwanga wa simu, anatoboa kikombe kimoja kimoja. Kila kimoja kinatoa pumzi kidogo, pfss, kisha mtindi mweupe unachuruzika kwenye boksi. Pembeni wamesimama watoto watatu wanaouza karanga, sahani kichwani, wanatazama. Mmoja wao alikuwa anahesabu, midomo inacheza. Aliishia 22 kama mimi. Nikamwambia meneja, wewe kijana, unaogopa mimi nitaumwa tumbo, hawa wataumwa nini? Akasema, "Mzee, hata mimi naumia, lakini siyo mimi niliyeandika utaratibu." Niliamini. Ndiyo ubaya wenyewe, kila ukimtafuta aliyeandika hayupo.

Mpwa wangu anasomea mambo ya lishe, nilimsimulia kwa simu nikiwa njiani. Akaniambia Ufaransa, tangu 2016, duka lenye ukubwa unaozidi mita za mraba 400 haliruhusiwi kuharibu makusudi chakula kinacholika. Linatakiwa kuingia mkataba na vyama vya misaada vikichukue. Ufaransa! Watu wanaokula jibini iliyoota ukungu kwa hiari yao wamelionea huruma kabichi.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Nenda feri jioni, kwa wauza samaki. Fungu la changu lililoanza 5,000 saa nane, saa kumi na moja ni 3,000, jua likikaribia maji mama anakuita "mume wangu" na ni 2,000. Likibaki linakaangwa, lililobaki kukaangwa linapigwa chumvi. Paka wa feri wamekonda. Papai lililobonyea unapewa la nyongeza. Hakuna kompyuta, kuna macho. Supamaketi haina macho, ina rafu. Karoti zake zote zina urefu mmoja kama gwaride la Uhuru. Ile iliyozaliwa na miguu miwili sijui ilikwenda wapi, na tamu ni ileile. Na chupa ya soda ya kioo, nani alitufundisha? Huna chupa, hupewi soda, au unaweka hela yake hapo. Tumezaliwa tunarudisha chupa. Leo ukiirudishia supamaketi kisahani cha ndizi wanakuona mgonjwa.

Nikubali kosa moja, maana mpwa alinibana. Alisema, mjomba, wewe ukichukua maziwa unachukua ya mbele au ya nyuma? Ya nyuma. Naingiza mkono mpaka bega, natafuta ya tarehe ya mbali, nakwenda kuyanywa jioni ileile. Sasa yale ya mbele, akasema, nani atayachukua? Nikamwambia mtandao unakatakata.

Nafika nyumbani, giza, nimejaa hoja. Nikamweleza Mama Zuhura tangu nazi mpaka kisu. Kwa bahati mbaya mpwa alikuwa hajachoka, akampigia yeye. Kumbe Umoja wa Mataifa walitoa ripoti 2024: mwaka 2022 dunia ilitupa chakula zaidi ya tani bilioni 1. Na katika kila kilo 100 zilizotupwa, 12 ni za maduka, 28 za mahoteli na wauza vyakula.

"Na 60 zilizobaki?" akauliza Mama Zuhura, ananitazama mimi.

Majumbani.

Sikusema kitu. Akachukua mshumaa, akafungua friji iliyozima, akaanza kunisomea kama hakimu. Ming'oko, vile viazi vya porini, niliyosema naitamani kufa, Jumatatu, nikala miwili. Nusu ya papai. Wali wa juzi niliokataa kwa sababu mwanaume hali kiporo mara mbili. Mtindi, kikombe kimoja, umefunguliwa, umesahaulika nyuma kabisa.

"Huu umekufa magharibi ipi?" akauliza.

Nikasema tupike. Nikaichana nailoni ya nazi, ikaning'ang'ania vidoleni, nikaipukuta ikahamia kwenye mshumaa, tukanusurika. Nikaivunja nazi kwa panga, safi, vipande viwili. Maji yametoka na harufu ya kiatu. Imeoza. Tarehe kwenye karatasi inasema bado siku ishirini na mbili.

Nairudisha kesho asubuhi, nikasema, saa mbili kamili nipo mlangoni, namtaka meneja na koti lake. Mama Zuhura akasema wanataka risiti. Risiti ipo, iko kwenye ule mfuko wa mia nane. Na mfuko kauchukua shemeji yangu sasa hivi tu, kapita mlango wa uani, anasema anausafiria Nanyamba kesho alfajiri, na simu yake haina chaji.